Mvukuto wa Mlima wa Machela

Fundi hakujua kuendesha gari. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu hukataa kuliamini, na yeye mwenyewe hakulionea aibu hata kidogo. Mtu aliyefungua na kufunga injini za nusu ya magari ya Kisii, aliyetambua lori kwa mlio wake kabla halijakata kona ya Nyanchwa, alikwenda kila mahali kwa miguu. Gari likihitaji kutolewa kwenye gereji yake, alimwita mwenye gari aje alitoe. Akiwa na safari ya Nyamira, alivaa koti, akachukua mwavuli, akaondoka kabla jua halijapata moto.

"Kuendesha ni kazi ya dereva," alisema. "Mimi nikikaa ndani nitasikia sifa. Nikikaa nje nasikia injini."

Mimi nilikuwa muuguzi msimamizi wa zahanati ndogo upande wa Kenyenya, tangu miaka ya sitini ikielekea mwisho hadi karibu sabini yote ikaisha. Mjini kulikuwa na mafundi wengi, wa magari na wa saa na wa cherehani, lakini ukisema Fundi peke yake, bila jina, hata mama wa kuuza ndizi alikuonyesha njia ya kwenda chini ya kilima cha Nyanchwa. Nami sitamwita kwa jina lingine. Yeye aliniita Sista, na hata nilipoolewa na kuzaa watoto watatu, nilibaki Sista.

Gereji yake ilikuwa mabati machache juu ya nguzo za mkaratusi, na sakafu ya udongo aliyoifagia mwenyewe kila asubuhi. Nati na bolti zilikaa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, kila mkebe na saizi yake. Matusi hayakuruhusiwa pale. Mwenye gari akija amelewa, Fundi alimpa kiti kivulini, akaendelea na gari la mwingine mpaka yule akili imrudie. Wengine walikasirika wakaondoka, na kesho yake walirudi wakiwa wameoga.

Urafiki wetu ulianza siku ya kwanza nilipompelekea landrova ya zahanati. Alimuuliza dereva wetu maswali ambayo mimi huwauliza wagonjwa.

"Imeanza lini kukohoa? Asubuhi ama jioni? Ikikohoa, inatoa moshi ya rangi gani? Imekunywa nini juzi?"

Nilicheka, nikamwambia ameniibia kazi. Hakucheka. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho.

"Sista, hata wewe unaweka ile kitu yako kwa kifua ya mtu," akasema. "Tofauti ni kwamba mgonjwa yako anaweza kudanganya."

Alikuwa mtu wa maneno machache, na bado ndiye aliyekuwa sauti nene ya kwaya ya kanisa lao. Akiimba, mabenchi yalitetemeka. Kazi zake nyingi alizipima kwa nyimbo za dini. Kusaga vali kulikuwa na wimbo wake, mrefu na wa huzuni. Kufunga kichwa cha injini kulikuwa na wimbo mwingine, wa mwendo, na kila mwisho wa ubeti alikaza nati moja. Aliyemkatiza katikati ya ubeti alijibiwa kwa jicho. Hakuwa na saa mkononi, na sikumbuki hata siku moja aliyochelewesha gari kwa kusahau wakati.

Jambo moja lilimfanya asikie wakati kuliko sisi sote, nalo ni Ijumaa. Jua likianza kushuka siku hiyo, Fundi alihesabu spana, akazifuta, akazifungia sandukuni, na hakuna binadamu aliyemshawishi kulifungua mpaka jua la Jumamosi litue. Niliwahi kumuona mfanyabiashara mkubwa wa mjini akimbembeleza akaze nati moja tu, moja, gari litoke. Fundi alimpokea vizuri, akamkaribisha chai, akamwambia nati ile itakuwa pale pale Jumapili.

Sasa nieleze mlima, maana bila huo mlima yeye angekuwa fundi mzuri tu.

Kutoka zahanati yetu kwenda hospitali ya Kisii ilibidi kushuka hadi mto Gucha, kuvuka daraja, kisha kupanda upande wa pili. Mpando ule haukuwa mrefu, lakini ulisimama, na kwetu mvua haiombi ruhusa. Landrova yetu ilikuwa imezeeka tulipopewa. Ikiwa tupu ilipanda. Ikiwa na mgonjwa, ndugu zake wawili na mimi, ilifika katikati, ikahema, ikazimika. Hapo tulishuka wote, tukamtoa mgonjwa, wanaume wakambeba kwa machela hadi juu, na gari likafuata nyuma likiwa jepesi, na mara nyingine halikufuata. Sisi wauguzi tukauita Mlima wa Machela. Nimeshika mikono ya wanawake wenye uchungu wa kuzaa kwenye matope yale, mvua ikitunyeshea, wakwe zao wakiwa wamegeuka upande mwingine kwa heshima. Sikuzoea. Sitaki kujifanya kwamba nilizoea.

Madereva wote walisema tatizo ni magurudumu. Fundi alitembea hadi mtoni siku moja ya Jumapili, akasimama kando ya barabara, akamwambia dereva apande na magunia ya mchanga. Gari lilipozimika, alishuka mpaka lilipo, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Gurudumu iko sawa," akasema. "Hii imekosa pumzi. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na hii ni mzee. Inavuta hewa kidogo, petroli haiungui yote. Gia ya chini iko, lakini matope inataka mwendo. Tutaipa mvukuto."

Nilifikiri anatania. Mvukuto niliujua ule wa ngozi, wa wahunzi wa zamani. Akanieleza, kwa maneno mengi kuliko niliyowahi kusikia kwake, kwamba kuna malori ya dizeli ambayo injini zake haziwezi kupumua zenyewe, hivyo yametengenezewa pampu ya hewa: sanduku la chuma, ndani yake rota mbili zenye umbo la nane, zinazungukana bila kugusana na kusukuma hewa kwa nguvu. Pampu kama hiyo ikifungwa kwenye injini ya petroli, ikazungushwa na mkanda, injini italazimishwa kumeza hewa nyingi kuliko iwezavyo kuvuta. Vijana waliosoma vitabu vya magari waliita kitu hicho supachaja. Fundi aliendelea kukiita mvukuto, na sisi pia.

Lori lenye pampu hiyo alilifahamu. Lilikuwa limelala kwenye majani ya boma moja kule Nyamira, mali ya bibi mmoja mzee ambaye marehemu mumewe alilinunua likamfia. Fundi alikwenda kwa miguu, akarudi mikono mitupu. Nikamuuliza.

"Magokoro amekataa," akasema, yaani yule bibi. "Kuku yake inatagia ndani ya injini. Amesema nikitoa chuma yoyote, kuku itahama."

Mwingine angetafuta njia ya kumzunguka bibi wa watu. Fundi alirudi Nyamira Jumapili iliyofuata na misumari na mabati, akashinda huko akimjengea banda la kuku lenye vyumba vinane, kila chumba na nyasi zake. Kisha akakaa na bibi wakangoja waone kama kuku watakubali. Ilichukua majuma mawili. Kuku wa mwisho alipohamia bandani, bibi alisema chukua. Fundi alijitwisha mvukuto begani, uzito wa gunia la mahindi, akaja nao mpaka palipokuwa na gari la kumsaidia.

Hapo zamu yangu ya kuogopa ikafika. Landrova ilikuwa ya zahanati, na zahanati haikuwa ya mama yangu. Kama ningeandika barua kuomba ruhusa ya kufungia gari la wagonjwa chuma cha lori bovu, jibu lingekuwa hapana. Kwa hiyo sikuandika. Nilisema gari linakwenda matengenezo, na hilo halikuwa uongo. Kama lingeharibika, tungebaki bila gari kabisa, nami ningebaki bila kazi. Nilimwambia Fundi hivyo hivyo, wazi.

"Nimesikia," akajibu. Basi. Lakini kuanzia siku ile aliacha magari mengine yote.

Shida ilikuwa kuunganisha. Mdomo wa mvukuto na mdomo wa injini haikufanana hata kwa bahati mbaya, na kitako cha kuiunganisha hakikuuzwa popote, si Kisumu wala Nairobi, kwa sababu hakuna aliyewahi kukihitaji. Kilipaswa kumiminwa kwa alumini. Alumini alikuwa nayo: sufuria zilizotoboka na pistoni kuukuu. Kalibu ya kumiminia ndiyo haikuwepo.

Na hapa ndipo najivunia kwetu. Kule Tabaka kuna jiwe laini, jiwe la sabuni, ambalo watu wetu wamelichonga sahani na vikombe na wanyama tangu zamani. Jiwe hilo haliogopi moto. Fundi alichonga kitako cha mti kwanza, akampelekea mchongaji mmoja wa Tabaka, mzee mwenye vumbi jeupe hadi kwenye kope. Mchongaji alipindua ule mti mara mbili tatu, akauliza ni mnyama gani. Akaambiwa ni pafu la gari. Akasema sawa, atalichonga. Baada ya siku chache alileta vipande viwili vya jiwe vinavyofungana, na ndani yake umbo lote, mashimo ya bolti na yote. Alitoa na onyo.

"Hii jiwe ni mbichi. Imetoka kwa shimo juzi. Weka juu ya moto ya jikoni, ikae mpaka uisahau."

Fundi aliliweka siku tano tu. Nadhani kosa hilo, la jiwe bichi na jua la Ijumaa, lisingefanywa na fundi wa mahali pengine popote, na nilikuwepo likifanyika, maana nilikuwa nimekuja mjini kuchukua dawa. Ilikuwa Ijumaa. Injini ilikuwa imefunguliwa tangu Jumatatu, nasi kule Kenyenya hatuna gari. Alumini ilikuwa imeyeyuka, inang'aa. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya Nyanchwa. Alitazama jua, akanitazama mimi, akatazama jiwe. Kisha akamimina, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiimba ubeti kwa haraka.

Maji yaliyokuwa ndani ya jiwe yaligeuka mvuke. Mlio ulikuwa wa kupasuka, mfupi, na alumini ikaruka. Ilimpata kwenye mkono wa kushoto na sikioni. Nilimmwagia maji, nikamfunga kwa bandeji nilizokuwa nazo kwenye sanduku la dawa. Yeye alikuwa anatazama kilima. Jua lilikuwa limezama.

"Sabato imeingia," akasema, na hakuokota hata tone moja la alumini iliyotapakaa chini. Ilikaa kwenye vumbi hadi Jumapili. Kesho yake aliimba kwaya akiwa na bandeji kichwani.

Jumapili nilimkuta anaokota. Nilitaka kumfariji, nikasema maneno fulani kuhusu Sabato kumkosesha muda.

"Yaya, Sista," akakataa kwa Ekegusii. "Sabato haikunikimbiza. Mimi ndiye nilitaka kuipita mbio."

Mchongaji wa Tabaka alichonga kalibu nyingine bila kusema "nilikwambia", nami nikampenda kwa hilo. Safari hii jiwe lilikaa juu ya jiko la mke wa Fundi majuma matatu. Mama wa watu alipika chini yake, akilalamika kwa kila aliyepita: "Nyumba hii siku hizi tunapika mawe. Mkija kula mje na meno!"

Majuma matatu hayo yalikuwa marefu kwetu. Machela ilipanda mlima mara mbili. Mara ya pili mama alifika hospitali, mtoto hakufika. Nimejiuliza sana, na ukweli ni kwamba katika matope ya siku ile gari letu bila mvukuto lisingefika hata katikati. Lakini mimi ndiye niliyelipeleka gereji. Nilikwenda kumwambia Fundi, maana sikuwa na mwingine wa kumwambia. Aliingia jikoni kwa mkewe, akalishika jiwe kwa kiganja, akakaa hivyo kwa muda. Akatoka, akasema, "Bado. Nikiharakisha tena, tutapoteza mwingine."

Alipomimina mara ya pili, alimaliza beti zote. Kitako kilitoka kizima, laini, na alama ndogo ya patasi ya mchongaji ubavuni. Alikifunga juu ya injini, akafunga mvukuto juu yake, akaweka gasketi mbili badala ya moja ili injini isigonge kwa nguvu mpya, akachelewesha moto wa plagi kidogo. Puli na mkanda vilitoka kwenye mashine ya kusaga unga. Boneti ikakataa kufunga, mvukuto ulikuwa umesimama juu mno. Alikata tundu kwenye boneti, akaipigilia juu yake sufuria kubwa iliyopinduliwa, ya kupikia ugali wa harusi. Ndiyo maana kuanzia Itumbe hadi mjini landrova yetu ilijulikana kama Gari ya Sufuria, na wafanyakazi wa kiwanda cha chai cha huko walituuliza leo mmepika nini.

Na kitu cha mwisho alichoongeza ndicho kinachoonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Mkanda ule ungelegea, alijua. Na ungelegea siku yoyote, hata Jumamosi. Kwa hiyo hakutumia bolti ya kukaza. Alitengeneza mkono wa mpini wa jembe, unaovutwa kwa mikono mitupu na kunaswa kwenye chuma chenye meno matatu. Ukilegea, vuta jino la pili. Ukilegea tena, la tatu.

"Siku ya Sabato msinitafute," akamwambia dereva wetu. "Hapa haitaki spana. Haitaki fundi. Hata Sista anaweza kukaza."

Tulicheka, mimi kwanza.

Siku ya majaribio tulihitaji uzito wa watu, na waumini wenzake walijitolea kwa wingi. Balaa likaanza. Mzee mmoja hakuweza kubanana na mke wa mwanawe. Huyo mke akashuka, akapanda mama mmoja ambaye kumbe alimwozesha binti kwa mwanamume aliyekaa kona. Mwanamume akaruka nje kupitia nyuma. Hiyo ndiyo chinsoni, adabu yetu ya kuwekeana umbali na wakwe, na landrova haina umbali. Baada ya kupanga na kupangua, Fundi akasema tupakie ndizi. Tukajaza mikungu mpaka juu.

Tulipokuwa tukipakia, Fundi alitangulia kileleni kwa miguu, asikilize. Mimi nilikaa mbele na dereva. Tulivuka daraja la Gucha. Dereva akatia gia, akakanyaga, na chini ya sufuria ile kikaanza kilio chembamba kilichopanda kadiri tulivyopanda. Tulifika katikati, pale penye alama za miguu ya wabebaji. Tukapita. Sijui nilimshika dereva begani lini, aliniambia baadaye kwamba nilimwachia alama. Tulipofika juu, Fundi alikuwa amesimama kwenye nyasi na mwavuli wake, kichwa ameinamisha upande wa sikio zima. Nilishuka nikiwa nalia na kucheka, nikamwambia apande tukazunguke naye mjini watu wamwone.

"Peleka ndizi," akasema. "Mimi nitatembea."

Nilijivuna. Nasema wazi, nilijivuna kama vile nilizaa mimi lile gari. Alipokuja mkaguzi wa magari kutoka mbali, mtu wa suruali ya pasi, akafungua boneti na kuuliza kifaa hiki kimeagizwa nchi gani, nilimjibu kabla dereva hajafungua mdomo: "Nyamira, Tabaka na Nyanchwa." Alizunguka gari mara mbili. Mwishowe akaomba apelekwe kwenye huo mlima. Aliporudi hakuandika ubaya wowote, ila alichora picha ya kile kitako kwenye daftari lake, akauliza kama mawe yale ni magumu kupata.

Fundi nilipomsimulia, alitaka kujua jambo moja tu: mkaguzi alisikia injini inagonga?

Miaka ikapita hivyo. Machela tuliitundika ukutani. Na mtu yule hakupanda gari lile hata mara moja. Nilimwalika ubatizo, nikamwalika harusi, nikamdanganya kwamba kuna mlio wa ajabu unaosikika ukiwa ndani tu. Alikuja, akasimama nje, akasema hakuna mlio.

Sabini zilipokaribia kwisha, kulikuwa na makambi ya kanisa lao karibu na Kenyenya, ile mikutano ya kila mwaka ya mahema na nyimbo. Fundi alikuja kwa kwaya, kwa miguu yake, nywele zikiwa nyeupe sasa. Jumamosi mchana wakamleta zahanati wamemshika wanaume wawili. Tumbo lilikuwa gumu, ngozi ya moto, na maumivu upande wa kulia chini. Nilijua ni kidole tumbo, na nilijua ni upasuaji, siku ile ile. Alipona, nisiwatie wasiwasi. Lakini saa ile hakuna aliyejua atapona.

"Sista," akaniambia, "nitapumzika kidogo, jioni nitatembea."

"Tata," nikasema, kama mtu anavyomwita babake, "leo hutembei. Utaingia kwenye gari."

Alitaka kubishana, maumivu yakamkatiza. Tulimlaza nyuma kwenye machela iliyoshuka ukutani, nikakaa karibu na kichwa chake. Mvua ilianza kabla ya daraja. Tulipoanza kupanda, kilio kile chembamba kikaanza, nikamwona anafumba macho. Nilidhani ni maumivu. Kisha akainua kidole.

"Mkanda," akasema.

Sikusikia kitu. Hatua chache baadaye nikasikia: mlio wa kuteleza, kama wa nguruwe, na gari likaanza kuchoka. Katikati ya Mlima wa Machela, pale pale, likazimika. Dereva alikanyaga breki kwa mguu wake wote, maana breki ya mkono ilikuwa imekufa. Kama angeuondoa, tungerudi mtoni kinyumenyume.

"Iko jino ya ngapi?" Fundi akauliza, macho bado amefumba.

"La pili," dereva akajibu.

"Sista. Shuka, vuta."

Nilishuka. Nilifungua boneti yenye sufuria, mvua ikinipiga mgongoni, nikaushika mpini wa jembe kwa mikono miwili. Haukutikisika. Nikaning'inia nao kwa uzito wangu wote, sare yangu ikiwa imejaa matope, nikasema kwa Ekegusii maneno ambayo Fundi asingeyaruhusu kwenye gereji yake, na nikausikia ukinasa kwenye jino la tatu. Miaka yote nilikuwa nimejisifu kwa watu habari za mpini ule. Siku ile ndiyo niliujua.

Nikapanda nyuma. Dereva akawasha, akakanyaga mafuta. Kilio kikapanda, kikasafika, gari likajikusanya na kuanza kula mlima. Fundi alinitazama nikitiririka maji.

"Kumbe huku ndani kuna kelele hivi," akasema. "Mbona hamkuniambia?"

"Tata, mama wangapi wamelala hapo ulipolala," nikamjibu. "Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

Aligeuza uso upande wa bati, akaweka kiganja chake chenye kovu juu yake, na bati lilikuwa linatetemeka kwa nguvu ya mvukuto. Machozi yalimtoka, akaniacha niyafute. Tulipofika kileleni, pale kwenye nyasi alipokuwa akisimama na mwavuli, dereva aligeuka akauliza kama tusimame kidogo injini ipoe.

"Usisimame," Fundi akasema. "Bado nasikia."